Ule ukimya kwenye "Upindo"

Mwanangu,

Umeniuliza kama "Upindo", kile kipande changu cha gitaa kisicho na maneno, ni maombolezo ya mama yako. Hapana. Nilikitunga mama yako akiwa hai, tena yuko chumba cha pili anashona.

Unaikumbuka ile cherehani ya kukanyaga. Kwenye mshono ulionyooka ilikimbia bila kupumua. Ikifika kona inapunguza, inasimama, mama anainua kile kiguu cha chuma kinachobana kitambaa, anageuza, anashusha, anaanza tena kwa kusitasita. Mimi nilikuwa nimepakata gitaa bila nia yoyote, nikashtukia dole gumba limeshaanza kumfuata kwenye nyuzi za besi. Vidole vingine navyo vikatafuta cha kufanya huko juu. Basi, ndivyo kilivyoanza. Wapo wanaoniambia wanasikia garimoshi, na mmoja alisikia mvua. Siwabishii.

Ile sehemu ya katikati, unayosema inatetemeka kama mtu anayejizuia kulia, ni ufundi tu. Uzi wa gitaa ukishaguswa, sauti yake inaanza kufifia papo hapo. Mwimbaji anaivuta atakavyo, mpiga fidla ana upinde wa kuikokotea. Sisi wacharaza gitaa hatuna. Kwa hiyo tunadanganya: vidole vitatu vinapokezana kuupiga uzi uleule, haraka, mpaka sikio liamini kuwa ni sauti moja imeshikiliwa, huku gumba likiendelea na lake chini. Hila hiyo niliipata kwa Tárrega, yule mpiga gitaa Mhispania aliyefariki 1909; "Recuerdos de la Alhambra" yake imejengwa yote juu ya hiyo. Ilinichukua miezi mpaka vidole vikaacha kukanyagana, na hata leo nikiwa na usingizi bado vinakanyagana.

Na zile noti unazodhani niliziacha kwa makusudi, ili pawe na upweke? Mlango ulinibana kidole kidogo cha kushoto, kikavimba, nikawa napiga kwa vilivyobaki. Nilipopona nikazirudisha, zikachafua kila kitu, nikaziondoa tena. Sijifananishi na mpiga gitaa Django Reinhardt, ambaye moto wa 1928 ulimwachia vidole viwili vya kushoto vya kupigia solo, naye akatoka na mtindo ambao wenye vidole vinne bado unawatoa jasho. Lakini ukiniuliza msukumo unatoka wapi, mimi nitakuonyesha mkono kwanza. Mambo ya moyo huwa nayasikia baadaye, kama wewe unavyoyasikia.

Jina lilikuja mwisho kabisa. Nilimpigia mama yako kipande kizima, naye anaendelea kupinda gauni la mtu, wala hakuinua macho. Nilipomaliza akakata uzi kwa meno, akasema, "Hapo kwenye kona umekimbia. Ingekuwa nguo, ingejikunja." Nikarudia. Safari hii nikasimama kabisa pale kabla ya kumalizia, nikahesabu mbili, ndipo nikaendelea. Akaitikia kwa kichwa, akavuta gauni jingine.

Kwa hiyo ule ukimya mfupi karibu na mwisho, ambao wewe unausikia kama kifo chake, ni yeye anageuza kitambaa.

Baba yako