Mafuta ya breki meusi na yanayoshuka

Gari la zamani likiwa na mafuta ya breki meusi na yanazidi kushuka, usiongezee tu. Tafuta yanakovujia kwanza. Vua magurudumu ya nyuma, fungua ngoma za breki, inua taratibu ukingo wa mpira wa silinda ya gurudumu (kifaa kidogo kinachosukuma viatu vya breki). Ukikuta unyevu ndani, sili (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) zimekwisha. Papasa na nyuma ya pedali pia, masta silinda (pampu kuu ya breki) huvujia humo. Ukisharekebisha panapovuja, badilisha mafuta yote kwa DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) ya chupa isiyofunguliwa, maana hunyonya maji: mapya huchemka kuanzia 230°C, yakishanyonya unyevu yanaweza kushuka hadi 155°C. Rudia kila miaka 2. DOT 5 ya silikoni usiichanganye nayo kamwe! Mafuta ya DOT 4 yakidondokea rangi ya bodi, mwagia maji mengi papo hapo.