Wasomaji Wanauliza: Watu Halisi wa Tamthilia ya When We Rise

Mhariri, mimi na wenzangu hapa Kisumu tumemaliza kutazama When We Rise, tamthilia ya Marekani inayosimulia jinsi wapenzi wa jinsia moja walivyopigania haki zao kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba wahusika wakuu wametungwa ili kututoa machozi. Je, watu hao walikuwako?
*Msomaji, Milimani, Kisumu*

Dada, walikuwako, na majina yanayotumiwa katika tamthilia ni majina yao halisi. When We Rise ilionyeshwa na stesheni ya ABC kwa jioni nne, kati ya Februari 27 na Machi 3, 2017. Mwandishi wake, Dustin Lance Black, alichota sehemu ya hadithi kutoka kumbukumbu za maisha za Cleve Jones, huyo kijana anayewasili San Francisco akiwa hana kitu mfukoni na ambaye akishakuwa mtu mzima anaigizwa na Guy Pearce. Ken Jones, ambaye hana udugu na Cleve licha ya jina, alikuwa baharia mweusi katika Jeshi la Majini la Marekani, na baadaye akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuongoza kamati ya maandamano ya kila mwaka ya wapenzi wa jinsia moja mjini San Francisco. Roma Guy alifanya kazi ya kujitolea nchini Togo kabla ya kuhamia mji huo, na ni miongoni mwa wanawake walionunua ukumbi wa zamani mwaka 1979 wakaugeuza kuwa Jumba la Wanawake, ambalo lingali wazi mpaka leo.

Kilichotungwa ni mazungumzo ya faragha na namna miaka inavyobanwa ili ienee katika saa chache. Mauaji ya Harvey Milk, mtetezi wa haki hizo na diwani wa San Francisco aliyepigwa risasi pamoja na Meya George Moscone tarehe 27 Novemba 1978, hayakuhitaji kupambwa na mtu yeyote.

Mimi naipenda tamthilia hii kwa sababu haimwonyeshi shujaa mmoja akishinda kwa hotuba. Inaonyesha mikutano isiyokwisha, kodi ya ofisi isiyolipwa, na wanaharakati wanaogombana wao kwa wao. Roma anagundua kwamba hata ndani ya vyama vya kutetea wanawake wapo viongozi wanaoona haya kuonekana na wanawake wanaopenda wanawake, na Ken anakuta kwamba miongoni mwa wazungu walionyanyaswa kama yeye bado kuna milango isiyomfungukia mtu mweusi. Udhaifu uko katika vipindi vya mwisho, ambapo kesi ya kupinga Pendekezo la 8, yaani kura ya mwaka 2008 iliyofuta ndoa za jinsia moja jimboni California, inaachiwa mawakili na wahusika tuliowazoea wanasukumwa pembeni. Ken ndiye anayepunjwa zaidi, na hilo liliniuma.

Mhariri, nilikuwa muuguzi hadi nilipostaafu. Katika tamthilia nimemwona Diane, mwenzi wa Roma, akiwahudumia wagonjwa wa UKIMWI katika miaka ya mwanzo kabisa. Sisi huku hata miaka ya 90 tulikuwa tukiogopa. Je, kulikuwa kweli na wadi ya namna hiyo mapema hivyo?
*Mama muuguzi, Kakamega*

Mama, nimefurahi swali hili limetoka kwako, kwa sababu naamini ndilo moyo wa hadithi yote.

Wadi hiyo iliitwa 5B, katika Hospitali Kuu ya San Francisco, nayo ilifunguliwa Julai 1983 ikiwa na vitanda 12 tu. Diane Jones alikuwa mmoja wa wauguzi wake halisi. Wakati huo virusi vilikuwa bado havijathibitishwa kuwa chanzo cha ugonjwa, na katika hospitali nyingi wahudumu waliacha sahani za chakula mlangoni, wakaingia wodini wamejifunika kuanzia utosini hadi miguuni, ikiwa waliingia kabisa. Wauguzi wa 5B walijitolea wenyewe kufanya kazi hiyo. Waliwashika wagonjwa mikono, wakaketi nao kitandani, wakawasikiliza. Tena waliamua kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye atakayesema jamaa yake ni nani, hata kama mtu huyo hatambuliwi na sheria wala na wazazi wa mgonjwa.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atue. Watu wengi hudhani kwamba dai la ndoa za jinsia moja lilianzia mahakamani, likaishia kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa tarehe 26 Juni 2015, ulioziruhusu nchini kote na uliopita kwa kura tano dhidi ya nne. Lakini katika miaka ya 80 mwanamume aliyemuuguza mwenzake kwa miaka aliweza kuzuiwa mlangoni mwa hospitali, akanyimwa nafasi katika mazishi, kisha akafukuzwa katika nyumba waliyoishi pamoja kwa sababu jina lake halikuwa kwenye hati. Walioona mambo hayo yakiwapata marafiki zao ndio waliotambua kwamba cheti cha ndoa kina kazi kubwa kuliko sherehe. Viongozi wa nchi walikaa kimya kwa muda mrefu mno: wagonjwa wa kwanza walitangazwa Juni 1981, ilhali Rais Ronald Reagan hakutoa hotuba kamili kuhusu ugonjwa huo hadi Mei 1987. Oktoba mwaka huo Cleve Jones na wenzake walitandaza mjini Washington kitambaa kikubwa cha vipande 1,920, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kaburi na kumbukumbu ya mtu aliyefariki. Dawa za mseto zilizogeuza ugonjwa huo kuwa kitu cha kuishi nacho zilienea kuanzia mwaka 1996, na Cleve mwenyewe ni mmoja wa waliookolewa nazo.

Wewe, Mama, unazijua siku hizo kwa upande wetu. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984, lakini serikali haikutangaza janga la kitaifa hadi Novemba 1999. Katika miaka hiyo 15 huku magharibi mwa Kenya tulizika vijana tukisema ni nimonia, na wengine kandokando ya ziwa wakisema ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko. Ndiyo maana sioni kwamba hadithi ya wadi ile ni ya watu wa mbali.

Je, tamthilia kama hii inaweza kutengenezwa Kenya?
*Mwanafunzi, Njoro, Nakuru*

Kijana, kwa sasa ni vigumu, nami sitakuficha. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka adhabu ya hadi miaka 14 jela kwa ngono ya jinsia moja, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba wapenzi wa jinsia moja wana haki ya kusajili chama chao, uamuzi ambao haukugusa kifungu hicho.

Kwa upande wa filamu, mtayarishaji lazima apate leseni, na mswada wake hupitiwa kabla ya kamera kuwashwa. Filamu ya Rafiki ya mwongozaji Wanuri Kahiu, inayosimulia wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku Aprili 2018, baada ya yeye kukataa kubadilisha mwisho wake wenye matumaini. Mahakama iliiruhusu kwa siku saba mwezi Septemba mwaka huo, na watu wakafurika kuitazama.

Ushauri wangu ni kwamba uanze na wauguzi. Wapo wazee wengi, kuanzia Nakuru hadi Busia, waliowaosha na kuwalisha wagonjwa ambao jamaa zao waliwatoroka, na wengine wao wanakumbuka wagonjwa ambao mwenzi wao alikuwa na jina la siri. Wahoji sasa wakiwa wangali na nguvu za kusimulia, uandike kwa uangalifu, uwafichie majina wanaohitaji kufichiwa.