Hisa zimepungua, hujaibiwa
Kaka, umeuliza kwa nini hisa zako za ile kampuni ya kutafuta dhahabu, iliyo kwenye soko la hisa la London, zimepungua ghafla, na kwa nini sasa inataka kununua hisa zake yenyewe. Wengi hapa Dar huwa wanashtuka hivyo hivyo. Kampuni ikiunganisha hisa 100 kuwa 1, hisa zako 10,000 za peni 1 kule London zinakuwa 100 za pauni 1. Siku hiyo thamani ni ileile. Mimi shaka yangu iko kwenye hilo lingine, la kampuni kununua hisa zake yenyewe. Bado wanachoronga, hawajauza hata gramu ya dhahabu, hela inatoka wapi? Mara nyingi ni ileile mliyochangia kwenye hisa mpya. Fungua ripoti ya nusu mwaka, uone taslimu iliyobaki itawatosha miezi mingapi. Na wakiomba kuunganisha hisa na kutoa mpya kwenye mkutano huohuo wa wanahisa, shika pochi yako.