Kabla hujachimba msingi, uliza choo cha zamani kilikuwa wapi

Siku ya pili ya kuchimba msingi, sururu ya kibarua ilizama yote. Haikugonga jiwe wala haikukwama. Ilizama tu, udongo ukaporomoka nyuma yake, na harufu ya miaka mingi ikatupanda puani. Tukabaki tunatazamana. Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, hatua kama kumi kutoka tulipokuwa. Hata kichwa hakuinua.

“Hapo si ndipo kilipokuwa choo cha babu yenu? Kilijaa mwaka aliozaliwa kaka yako, wakakifukia, wakachimba kingine kule.”

“Mama, mbona hukutuambia?”

“Kwani mliniuliza?”

Tangu nyumba yetu ikamilike, ndugu na marafiki hunipigia simu kuuliza nilitumia kiasi gani. Kwa ufupi, nilitumia zaidi ya nilichopanga. Kitakachokusaidia wewe ni kujua hizo zilizozidi zilipotelea wapi, na nyingi zilipotelea kwenye mambo ambayo mtu mmoja pale nyumbani alikuwa anayajua tangu zamani.

Yenyewe ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida, kama zilivyo nyingi kwenye zile barabara za namba za Ngamiani, Tanga. Baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani penye jiko, choo na bafu. Babu aliijenga mwaka 1957 kwa fedha za mkonge. Kuta ni za miti na fito, zikakandikwa udongo na mawe madogo, kisha zikapigwa lipu ya chokaa; juu bati. Mama amevuka sabini na magoti yake hayataki tena kuchuchumaa. Tulitaka kumwongezea chumba chenye choo ndani na jiko la kisasa huko nyuma, na nyumba ya mbele tuifanyie ukarabati.

Kabla ya saruji kulikuwa na vikao. Kisheria mwenye nyumba alikuwa bado ni marehemu babu, kwa hiyo ilibidi wajomba, mama na mama mdogo wakae, wamteue mjomba mkubwa, naye aende Mahakama ya Mwanzo athibitishwe kuwa msimamizi wa mirathi. Bila hivyo, halmashauri wasingetupa kibali cha ujenzi, maana pamoja na michoro wanataka kuona nani mwenye haki na kiwanja. Hatua ambayo watu wengi huiruka ni ile iliyofuata. Tuliandika muhtasari kwamba naongeza chumba gani, kwa fedha za nani, na kwamba siku nyumba ikiuzwa au ikigawanywa fedha zile zitahesabiwa vipi. Wakubwa wote wakasaini, mwenyekiti wa mtaa akashuhudia. Mama mdogo alinuna wiki nzima. “Mnaandikishiana kama watu msiojuana?” Tukaandikishiana hivyo hivyo. Nimeona familia mbili pale mtaani hazisalimiani kwa sababu ya chumba kimoja ambacho kila mtu anadai alikijenga yeye.

Tatizo ni kwamba kwenye vikao vyote hivyo tulimuuliza mama kuhusu haki, hatukumuuliza kuhusu nyumba.

Kwa hiyo shimo lile likatukuta. Fundi alitaka tulijaze kifusi, tushindilie, tupitishe ukuta juu yake. “Dada, hili ni jambo la nusu siku.” Nikaogopa, nikamtafuta injinia mmoja aje aangalie. Alichosema hakikuwa kigumu kukielewa. Kifusi kilichojazwa kwenye shimo la futi kumi na zaidi kitaendelea kushuka kwa miaka, hata ukikishindilia vipi, kwa sababu unashindilia juu tu. Msingi uliopo pembeni ya shimo utabaki palepale, ule wa juu ya shimo utashuka, na ukuta utapasuka katikati. Njia mojawapo ni kulivuka shimo kwa bimu yenye nondo nene iliyokalia udongo mgumu pande zote mbili. Njia rahisi zaidi ni kukihamisha chumba. Tukakihamisha mita moja na nusu, shimo likabaki nje ya ukuta, tukalijaza mawe na mchanga kwa tabaka, kila tabaka tukilimwagia maji. Michoro ikarudi kwa mchoraji, halmashauri nao ikabidi waone mabadiliko. Wiki tatu zikaenda hivyo.

Jioni ile ndipo nilipochukua daftari, nikamshika mama mkono, tukaizunguka nyumba. Usimkalishe mzee sebuleni ukamwuliza “una maoni gani?” Atakwambia “fanyeni mnavyoona”. Tembea naye. Akifika mahali anakumbuka. Mama alinionyesha upande ambao maji ya masika huingilia tangu barabara ilipoinuliwa ikawa juu kuliko baraza letu. Alinionyesha ukuta mmoja ambao si wa 1957, ulianguka ukajengwa upya, na chumba ambacho boriti zake ziliwahi kuliwa na mchwa. Alijua bomba la maji linapita wapi chini ya uani, jambo ambalo lilituokoa siku mbili baadaye. Yote hayo nikayachora vibaya vibaya kwenye daftari, na lile daftari likawa na thamani kuliko ile michoro tuliyolipia.

Sasa nije kwenye kosa lililoniuma kuliko shimo, maana shimo sikulifanya mimi.

Lipu ya chokaa kwenye vyumba vya mbele ilikuwa imechakaa, inamomonyoka kwa chini. Nikaona nifanye kitu cha kudumu, nikaagiza yote ikwanguliwe, ipigwe lipu ya saruji. Ilipendeza. Ukuta ulinyooka kama wa benki. Hiyo ilikuwa Agosti. Novemba, mvua za vuli zimeanza, nikapigiwa simu kwamba ukuta “unalia”. Nilipofika nikakuta rangi imejaa malengelenge, na nikigonga kwa kifundo cha kidole nasikia utupu. Kipande cha ukubwa wa mlango kikabanduka chenyewe usiku.

Mzee mmoja wa pale jirani, fundi wa zamani sana aliyeacha kazi, ndiye aliyenieleza. Nyumba hizi hazina karatasi ya nailoni kwenye msingi kama za sasa. Ukuta wa udongo unavuta unyevu kutoka ardhini siku zote, na siku zote unautoa nje kupitia chokaa, kwa sababu chokaa ina vinyweleo. Ukiufunika kwa saruji umeuziba. Unyevu haupati pa kutokea, unapanda juu zaidi, miti ya ndani inaoza na mchwa wanakaribishwa. Tena saruji ni ngumu na udongo ni laini. Ukuta ukijongea kidogo, udongo unajongea, saruji inapasuka. Mimi nililipa fedha nyingi kuua ukuta uliokuwa mzima kwa zaidi ya miaka sitini.

Tukaibomoa lipu ile. Tukauacha ukuta ukauke wiki kadhaa, madirisha wazi. Miti mitatu ilikuwa imeoza kwa chini, ikabadilishwa, pakakandikwa upya. Kisha chokaa. Kwa bahati Tanga chokaa haitupigi chenga, Amboni wanakoichoma iko hapo tu. Tuliiloweka usiku kucha, tukachanganya ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, tukapiga tabaka nyembamba, kila moja ikisubiri iliyotangulia ishike. Chokaa haina haraka. Saruji hukauka ukiitazama. Chokaa hukomaa taratibu kwa kuvuta hewa, na siku za mwanzo lazima uinyunyizie maji isipasuke. Vaeni glovu na mlinde macho, inaunguza. Na juu yake usipake rangi ya mafuta, utakuwa umerudi kulekule. Vijana wengi wa sasa hawajawahi kuipiga na watakwambia imepitwa na wakati. Yule mzee alikaa kwenye kiti akiwaelekeza kwa fimbo, nikamlipa posho ya siku kama fundi kamili.

Kama nyumba yenu ni ya tofali za saruji, hadithi hii haikuhusu sana. Gonga ukuta, chimbua kidogo mahali pasipoonekana, ujue umejengwa kwa nini kabla hujaagiza mfuko wowote.

Nyongeza ya nyuma ilikuwa kazi ya kawaida zaidi. Tofali za inchi 6, linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) yenye nondo za milimita 12, zege la saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne. Nilikataa mchanga wa pwani ingawa ulikuwa wa bei ya kutupa, kwa sababu chumvi yake inakula nondo na kuufanya ukuta uwe na unyevu maisha yote. Zege nilisimamia limwagiliwe siku saba, na hapo ndipo mafundi wengi huona unawasumbua.

Lakini pale mpya inapokutana na ya zamani, simama ufikiri. Fundi alitaka achimbe ukuta wa babu, achomeke nondo, azifunge nyumba mbili ziwe moja. Inaonekana ndiyo imara. Ila nyumba ya zamani imeshamaliza kukaa ardhini, hiyo mpya ndiyo kwanza inaanza kujikalia, na itashuka hata kama ni milimita chache. Ukizifunga pamoja, mmoja atamvuta mwenzake, na atakayepasuka ni mzee. Tuliacha nafasi ya sentimita 2 kati yao, tukaijaza lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni, tukaifunika kwa ubao upande wa ndani. Juu tukachomeka bati bapa lililokunjwa chini ya bati la zamani ili maji yasipenye. Ufa mmoja wa zamani uliokuwa karibu na nafasi hiyo niliuwekea alama ya penseli kwenye ncha zote mbili, na tarehe. Masika ya kwanza yalipita, ncha ziko palepale. Ufa usiotembea unauziba tu na maisha yanaendelea; ukitembea, tafuta mtu anayejua kabla hujauziba.

Kaka yangu alitaka tuezeke uani yote, “tupate sebule”. Tuligombana hasa. Nenda kwa jirani yeyote aliyeezeka uani yake, ingia koridoni saa saba mchana. Giza, joto, feni inazunguka tangu asubuhi. Wazee hawakuiacha uani wazi kwa kukosa bati. Upepo unaingia barazani, unapita korido, unatokea uani. Ukiziba upande mmoja umeziba njia yote. Tukaelewana kwamba paa jipya liishie kwenye chumba na jiko, na katikati pabaki anga.

Kuhusu bati: geji 28 ni nene kuliko geji 30, namba ikipanda unene wa bati unapungua. Kwa hewa ya bahari ya kwetu usiende kwenye jembamba kwa ajili ya kuokoa fedha kidogo. Umeme tulibadilisha wote. Nyaya za zamani zilikuwa zimekauka kiasi kwamba ukizikunja zinavunjika gamba, na hakukuwa na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, hata mmoja. Hilo si la kujadili wala la kutafuta fundi wa bei nafuu.

Malipo ya mafundi niliyafanya kwa hatua. Msingi ukiisha, tunakagua, nalipa. Linta ikiisha, vivyo hivyo. Vifaa nilinunua mwenyewe, na mpwa wangu anayeishi pale alikuwa anahesabu mifuko asubuhi na jioni. Kazi tulianza Julai, masika yameshapita, tukiamini tutakuwa tumeezeka kabla ya vuli. Shimo likala wiki zake, lipu ya saruji ikala miezi, na vuli ikatukuta paa la jiko bado ni kenchi tupu. Ningekuwa naanza leo, ningeweka pembeni robo nzima ya bajeti bila kuigusa. Mafundi wakijua ipo, itaisha, kwa hiyo usiwaambie.

Mama chumba chake kipya anakipenda, na choo anakisifia kwa kila mgeni hadi inabidi tumsihi aache. Jiko la kisasa limekuwa la kuhifadhia vyombo. Anapikia uani kwa mkaa, anakunia nazi palepale alipokuwa amekaa siku ile. Lile shimo tumelifunika kwa sakafu ya saruji, na kwenye daftari limeandikwa pamoja na vipimo kutoka ukutani, kwa ajili ya atakayejenga baada yetu. Chini yake nimeshaongeza mengine mawili aliyoyakumbuka baadaye. Wiki iliyopita amenipigia simu. Kuna la nne.