Mkakati wa akili unde una fungu la duka langu?

SWALI: Bi. Mhasibu, shikamoo. Nauza mchele, maharagwe na sukari kwa jumla hapa Kongowea, Mombasa. Kijana mmoja amenijia na programu ya akili unde (AI) ya kukisia mauzo, ataka shilingi 60,000. Asema serikali imeshatoa mkakati wa akili unde, na duka lisiloitumia litashindwa na wenzake. Je, ni lazima? Na huo mkakati una msaada wowote kwetu sisi wauza magunia?
Muuza nafaka, Kongowea

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si lazima, na hizo 60,000 zishike kwanza.

Mkakati upo kweli. Wizara inayosimamia mawasiliano na uchumi wa kidijitali iliuzindua Machi 2025, nao ni wa hadi 2030. Nguzo zake ni tatu: miundombinu, data, na utafiti pamoja na ubunifu. Lakini mkakati si sheria. Haumlazimishi mwenye duka kununua chochote, wala haukupi haki ya kuingia ofisi ukadai ruzuku. Anayekuuzia kwa jina la serikali anakutia hofu tu.

Nguzo inayokuhusu ni ya data, na hiyo unayo tayari: ankara za eTIMS, ule mfumo wa mamlaka ya kodi wa ankara za kielektroniki, na malipo yanayoingia kwenye tili. Najua wengi mlinung'unika eTIMS ilipokuja, ila leo ankara hizo ni mali. Programu ya kukisia mauzo husoma ulichouza jana ikakadiria cha kesho. Ikiwa nusu ya mauzo imo daftarini na nusu umeiweka kichwani, itakisia nusu ya duka.

Halafu mwulize kijana huyo kama programu yake inaijua Ramadhani. Nauliza kwa dhati, maana hapo ndipo faida ya mwaka mzima hupatikana au hupotea kwa muuza sukari wa pwani. Mwaka 2024 tulianza kufunga Machi. 2026 ni Februari. Mfungo hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Programu inayofuata Januari hadi Desemba peke yake itakuambia ujaze ghala wakati watu washasali Idi, na itakuacha mtupu wiki ambayo kila nyumba inatafuta sukari ya uji na ya vitu vya futari. Akikosa jibu la hilo, mwage kwa heri.

Daftari la madeni usimpe. Lina majina na namba za simu za watu waliokuamini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila ridhaa yake. Programu inahitaji bidhaa, kiasi, bei na tarehe. Jina la mdeni halihitajiki.

Kuhusu msaada, nitasema linaloniuma. Singapore serikali hukagua programu kwanza, ikaziweka kwenye orodha, kisha ikamlipia mfanyabiashara mdogo hadi asilimia 50 ya gharama. Mtu wa duka habahatishi na mchuuzi wa mlangoni. Hilo ndilo ninalotaka Kenya ilifanye kabla ya 2030, na orodha hiyo ifike sokoni Kongowea, Marikiti na Gikomba, isiishie kwenye kumbi za mikutano Nairobi. Chama chenu cha wafanyabiashara kina haki ya kulidai kwa maandishi, wizarani na kwa kaunti.

Kwa sasa, ingiza kila gunia linalotoka kwenye jedwali la simu yako, mauzo ya mkopo pia, mpaka Ramadhani moja ipite humo. Kijana akiwa mkweli, atakubali kuijaribu programu yake kwa rekodi hizo bure: aifiche programu mauzo ya miezi ya mwisho, iyakisie, kisha mlinganishe na ulichouza. Akikubali, niandikie bei yake kwa mwezi tuipige hesabu.