Gia za titaniamu: kutu haizigusi, cheni iliyochoka inazimaliza

Mkuu, umesema umepata kaseti ya baiskeli iliyotumika, yaani ile seti ya gia za gurudumu la nyuma, yenye gia 11, zile kubwa ni za titaniamu, na aliyekuuzia kakuhakikishia kwamba haitaisha maisha. Unauliza kama ni kweli na utaitunza vipi. Nimeendesha gia za aina hiyo miaka mingi na za wenzangu nimezifungua sana, kwa hiyo vumilia, nitakwenda kwa kirefu.

Hilo la kutoisha si kweli. Kutu ndiyo haiiwezi: titaniamu ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba wa oksaidi, na ukikwaruzwa unajirudisha wenyewe papo hapo. Mvua, jasho, hata maji ya chumvi, haina habari nayo. Ila gia nyingi hazifi kwa kutu. Zinaliwa na mchanga uliochanganyika na mafuta ndani ya cheni, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko titaniamu na kuliko chuma. Tena titaniamu ina udhaifu wake: ikisuguana kavu na chuma hunatana nacho, uso wake unachunika. Gia ya chuma kigumu ya ukubwa uleule, ukiitumia vilevile, itaishi zaidi. Ulichonunua ni wepesi. Sentimita moja ya ujazo ya titaniamu ina kama gramu 4.5, ya chuma inakaribia 7.8.

Watengenezaji wanalijua hilo. Angalia kaseti za Shimano za daraja la juu, Dura-Ace au XTR: titaniamu imewekwa kwenye gia kubwa tu, ndogo zimebaki chuma. Sababu iko kwenye hesabu. Cheni hushika karibu nusu ya meno ya gia. Kwenye gia ya meno 11, mzigo wote unabebwa na meno matano au sita. Kwenye ya meno 28 unagawanywa kwa kama 14. Halafu cheni ikipita urefu uleule, kila jino la gia ya meno 11 linafikiwa kama mara mbili na nusu ya jino la gia ya meno 28. Kwa hiyo gia ndogo ya titaniamu ingekwisha haraka mno. Na kama unataka kujua yako zipi ni za kweli, chukua sumaku ndogo upitishe gia moja moja. Chuma cha gia kitaivuta, titaniamu haitashtuka. Alumini nayo haivutwi, lakini sumaku itakuonyesha chuma kilichouzwa kwa jina la titaniamu, na hiyo ndiyo janja ninayokutana nayo zaidi.

Sasa utunzaji, na hapa shughuli yote iko kwenye cheni. Kutoka pini hadi pini cheni mpya ina milimita 12.7. Inavyotumika, pini na matundu yake yanalika, umbali huo kati ya pini na pini unarefuka, na rola, vile vibomba vidogo vinavyozunguka pini, zinaacha kukaa chini ya bonde la jino. Zinapanda juu na kulisukuma jino karibu na ncha. Hapo ndipo gia inapoharibika. Chukua rula ya chuma, kaza cheni, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pingili 24. Ikiwa mpya utasoma milimita 304.8. Ikifika 306.3 imerefuka nusu asilimia, na kwa gia za titaniamu mimi siisubirishi zaidi ya hapo, naitoa. Watu wanasubiri hadi asilimia moja kwa kuionea huruma cheni, wakati cheni ndicho kitu cha bei nafuu katika mfumo wote na kaseti ndiyo ghali.

Jino linaloanza kuisha utalijua kwa macho na kwa ukucha. Bonde linapanuka upande unaovutwa, na pembeni kunatokea ukingo mkali unaonasa ukucha. Usichukue tupa kulinyoosha: zile ngazi ndogo na meno yaliyokatwa kiaina ndiyo yanayosaidia cheni kuhama, ukiyagusa gia haitabadilika vizuri tena. Na unga wa titaniamu unashika moto kwa urahisi, kwa hiyo kuisaga kwa mashine ni hatari.

Usafi: brashi, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kausha kabisa, kisha mafuta mepesi ndani ya rola, nje futa. Mafuta yaliyobaki nje ni gundi ya vumbi. Mashine ya maji ya presha usiielekeze kwenye beringi. Ukiwa hapo, shika gia kubwa kwa vidole uitikise kushoto na kulia. Nyingi zimefungwa kwa ribiti kwenye kibebeo cha alumini, na ribiti zikilegea utasikia mlio mdogo wa kugonga. Ikifika hapo usiiendeshe.

Kitu kingine ni pale titaniamu inapokutana na alumini. Kukiwa na maji ya chumvi kati yao, alumini ndiyo inayoliwa. Niliwahi kuletewa baiskeli ya fremu ya titaniamu, vikombe vya alumini vya beringi za kranki vimeganda kabisa. Vilipotoka hatimaye, hesi, ile mistari ya kukazia, zilikuwa zimejaa unga mweupe na nusu yake zimelika. Kila bolti, kikombe au pedali ya titaniamu ipake grisi ya shaba kwenye hesi kabla ya kufunga, ifungue mara kwa mara, safisha, paka upya. Titaniamu kwa titaniamu bila grisi hiyo ni mbaya zaidi, zinaweza kushikana wakati unaikaza tu. Pedali za ekseli ya titaniamu huwa na kikomo cha uzito wa mwendeshaji, kisome, na ekseli yenye mkwaruzo mzito itoe, maana nyufa huanzia hapo.

Na usichanganye na zile cheni za rangi ya dhahabu. Nyingi ni chuma kilichopakwa titaniamu naitraidi, utando mgumu kweli, lakini mwili ni chuma na unapimwa kwa rula ileile.

Kwa hiyo kaseti yako: ipitishie sumaku, itikise, pima cheni iliyokuja nayo kama unayo. Kisha funga cheni mpya, kaza ringi ya kaseti kwa Nm 40 (nguvu ya kukaza inayosomwa kwenye spana ya kipimo), panda mlima mfupi ukikanyaga kwa nguvu kwenye kila gia kubwa. Cheni ikiruka kwenye gia hata moja, gia hiyo imeshazoea cheni iliyochoka, rudisha kaseti kwa aliyekuuzia.