Karatasi ya Kunasa Vumbi Laini: Mbona Hewa Haipiti?

SWALI: Nimechanganya nyuzi za msonobari na nyuzi za selulosi zenye unene wa nanomita, nusu kwa nusu. Nilitandaza rojo kwenye wavu, nikakausha ndani ya oveni kwa nyuzijoto 105. Karatasi imetoka ngumu, inang'aa, na hewa haipenyi. Nimekosea wapi?

JIBU: Kosa kubwa ni ukaushaji. Maji yanapokauka huzivuta nyuzi mpaka zigusane, kisha selulosi hushikana kwa viungo vya haidrojeni. Karatasi ya kuandikia hupata nguvu kwa njia hiyo hiyo, lakini kichujio huharibika: nyuzi nyembamba zilizopaswa kubaki kama utando wa buibui hugeuka gundi na kuziba kila upenyo.

Nyuzi hizo nyembamba zipunguze hadi asilimia 5 ya uzito mkavu. Duara la kipenyo cha sentimita 16, kwa gramu 60 kwa mita ya mraba, linataka gramu 1.2 za nyuzi zote. Nyembamba ziwe gramu 0.06. Zitawanye katika lita 1.2 za maji. Rojo likiwa zito, nyuzi hujikusanya mafungu mafungu na kuacha vitundu ambamo vumbi hupita bila kizuizi.

Karatasi ikiwa bado mbichi, ipitishie etanoli mara tatu kufukuza maji, kisha tert-butanoli, ile aina ya butanoli inayoganda karibu na nyuzijoto 25, nayo mara tatu, ikiwa vuguvugu. Igandishe, uikaushe kwa ombwe (ndani ya chombo kilichonyonywa hewa) ikiwa imeganda vivyo hivyo. Kilichoganda hugeuka mvuke moja kwa moja, kwa hiyo hakuna kimiminika cha kuzivuta nyuzi. Vimiminika vyote viwili, etanoli na butanoli, hushika moto upesi. Usivipeleke kwenye oveni kamwe.

SWALI: Niongeze matabaka ili ninase zaidi?

JIBU: Tabaka linalonasa asilimia 90 likirudufiwa hunasa 99, ila upinzani dhidi ya hewa inayopita nao huwa maradufu. Afadhali uikunje karatasi kwa marinda ili eneo lake liongezeke. Eneo likiwa mara 10, kasi ya hewa ndani ya karatasi hushuka mara 10, na upinzani wa karatasi hushuka karibu vivyo hivyo.

Pima kwa chembe za maikromita 0.3, maana ndizo sugu: kubwa hugonga nyuzi, ndogo sana hutangatanga mpaka ziziguse, hizi za katikati huponyoka. Pitisha lita 32 za hewa kwa dakika kwenye sentimita 100 za mraba, yaani sentimita 5.3 kwa sekunde. Vipimo vikibadilika kila unapoirudisha karatasi kwenye kishikizo, kagua kwanza mpira wa ukingoni unaozuia hewa kuvuja.